Saa za Mwamuzi na Haki ya Mkulima

Katika kata ya Kinyala, wilayani Rungwe, mtu mwenye shauri la shamba huamka kabla ya majogoo. Ng'ombe hawana habari na baraza. Lazima wakamuliwe, na maziwa yafike yanakokusanywa kabla jua halijapanda. Ndipo mtu huyo huchukua karatasi zake zilizo katika bahasha ya kaki, akajitanda khanga ya pili au akavaa koti la mvua, akashika njia ya Tukuyu. Tangu Novemba hata Mei mvua ya Rungwe haimwombi mtu ruhusa, na njia za milimani huteleza. Akifika katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huandikisha jina kwa karani, huketi bencini pamoja na wenzake walioitwa saa ile ile, na mchana ukishapita huambiwa tarehe nyingine. Hurudi Kinyala na bahasha ile ile. Siku moja ya kazi imekwenda, na nauli imekwenda nayo.

Malalamiko ya namna hii yamezoeleka, na lawama zote hutupwa juu ya mtu mmoja, yule aketiye nyuma ya meza. Husemwa kwamba ni mvivu, au ana kiburi, au anangoja kitu. Hatukatai kwamba wako wa namna hiyo, na kwao tutarudi kabla ya kumaliza. Lakini leo twataka kuuliza swali ambalo halijaulizwa vya kutosha: huyo mwamuzi ana saa ngapi katika siku yake, amepewa kazi kiasi gani ndani ya saa hizo, na anapumzika lini? Watu wengi hudhani kwamba jambo hili ni la nyumbani kwake mwenyewe. Sisi twasema ni jambo la umma, kwa maana saa za mwamuzi ndizo zinazopima haki ya mkulima.

Kwanza tueleze tunamsema nani. Hatumsemi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo wala Jaji wa Mahakama Kuu, ambao wako katika Mhimili wa Mahakama. Twamsema mwamuzi aliyewekwa na Serikali yenyewe nje ya mhimili huo. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka ngazi za kushtakia: baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Sheria hiyo iliweka kwamba mwenyekiti wa baraza la wilaya ateuliwe na Waziri mwenye dhamana ya ardhi kwa muda wa miaka mitatu, naye aweza kuteuliwa tena. Akae na wajumbe wasiopungua wawili, ambao humpa maoni yao kabla hajaamua. Mjadala wa kuyahamishia mabaraza hayo katika Mahakama umesikika kwa miaka mingi, nasi hatuuingii leo. Popote yatakapokaa, siku itabaki kuwa na saa zile zile.

Desturi ya mtumishi wa Serikali kuamua kesi si ngeni Tukuyu. Mjerumani, aliyeuita mji huu Neu Langenburg, na Mwingereza aliyemfuata, walikuwa na mwenendo mmoja: anayekusanya kodi ndiye anayeamua mashauri. Kwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929, rufani iliyotoka katika baraza la chifu haikwenda Mahakama Kuu. Ilikwenda kwa Bwana DC, kisha kwa PC, kisha kwa Gavana. Ndipo baada ya Uhuru, kwa sheria ya mwaka 1963 iliyoanza kutumika mwaka 1964, mahakama za kienyeji zikaondolewa na Mahakama za Mwanzo zikawekwa mikononi mwa mahakimu.

Twakumbusha hayo kwa sababu moja. Bwana DC alisikiliza mashauri katika saa zilizobaki baada ya kodi, barabara, safari na barua za Gavana. Haki ya Mwafrika ilipewa makombo ya siku. Leo mwenyekiti wa baraza hakusanyi kodi wala hasimamii barabara. Kazi yake ni moja tu, kuamua. Lakini makombo ya siku yamerudi kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa wingi wa mashauri.

Na kwa nini mashauri ya ardhi ni mengi Rungwe? Si kwa sababu watu wake wanapenda ugomvi. Zamani Mnyakyusa alipata ardhi kwa kuwa mwana wa kijiji. Monica Wilson, mtaalamu aliyekaa huku pamoja na mumewe katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1951 jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe, na jinsi wakuu wa vijiji walioitwa amafumu walivyosimamia mambo yake. Kisha mazao ya kudumu yakaenea. Mti wa kahawa na kichaka cha chai havihamishwi kama shamba la ulezi. Aliyepanda hubaki pale, na akifa wanawe hudai pale. Watu wameongezeka, mlima haukuongezeka. Hatua tatu za mpaka, ambazo kwa mgeni ni kipande cha magugu, kwa mtu wa Kinyala ni ada ya shule ya mtoto. Ndiyo maana hatakubali kuziacha, na ndiyo maana anastahili mwamuzi mwenye akili iliyotulia.

Zaidi ya hayo, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa. Mabaraza ya kata, ambayo zamani yaliweza kusikiliza na kuamua, yaliondolewa uwezo wa kuamua yakaachiwa usuluhishi. Sasa mtu hupeleka mgogoro katika kata. Wazee wakishindwa kupatanisha huthibitisha hivyo, na ikiwa siku 30 zimepita bila wao kumaliza, mdai aweza kwenda moja kwa moja wilayani. Ziko sababu njema za badiliko hilo, kwani wazee wengi walihukumu pasipo elimu ya sheria. Lakini mzigo uliotuliwa katani haukutupwa mtoni. Kila kisichopatana huko hupanda kwenda Tukuyu. Ni lazima tuulize: je, meza ya Tukuyu iliongezewa miguu ulipoongezwa mzigo?

Natufanye hesabu ndogo, hesabu ya mfano tu, ambayo kila mfanyakazi aweza kuifanya juu ya goti lake. Saa za ofisi za Serikali ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Tuseme kikao kimeanza saa 3:00, baada ya majalada kupangwa na wajumbe kufika. Mpaka saa 9:30 ni dakika 390. Tuseme yameitwa mashauri 20. Kila shauri limepata dakika zisizofika 20, wala hatujatoa muda wa mwamuzi kula chakula. Katika dakika hizo ashike jalada, akumbuke lilikoishia, amsikilize mdai, amsikilize mdaiwa, aandike maneno yao, awape wajumbe nafasi ya kuuliza. Mzee wa miaka themanini anayeeleza mpaka wa shamba la babu yake, akianzia kwenye mti uliokwisha kukatwa, pengine kwa Kinyakyusa kinachohitaji mkalimani, hawezi kumaliza ushahidi wake kwa dakika 20. Basi husikilizwa mashauri mawili au matatu, na mengine yote hupewa tarehe. Wale walioketi bencini tangu asubuhi hawakuonewa na mtu. Walionewa na hesabu.

Nayo hukumu huandikwa lini? Si katika saa za kikao. Hukumu ni kazi ya kusoma ushahidi wote upya, kuupima, kutafuta sheria, na kuandika sababu ambazo hata aliyeshindwa ataziona. Kazi hiyo hufanywa usiku nyumbani, watoto wakiwa wamelala, au Jumapili wengine wakiwa kanisani. Ziko wilaya ambazo mwenyekiti mmoja hugawana wiki yake kati ya mabaraza mawili au zaidi, na siku za safari nazo hukatwa katika siku za kazi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu ameshikishwa tatu na nne.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inawahusu pia watumishi wa umma isipokuwa majeshi, imeweka kipimo ambacho kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi anapaswa kukijua kwa moyo: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, mapumziko ya saa 12 kati ya siku na siku, mapumziko ya saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Vipimo hivi havikuanguka kutoka mbinguni. Wafanyakazi wa dunia walivipigania, na mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa liliweka katika mkataba wake wa kwanza kabisa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Kiwandani saa hizo huhesabiwa kwa king'ora. Lakini usiku ambao mwamuzi ameketi juu ya hukumu hauandikwi katika daftari lolote. Kazi isiyoandikwa ndiyo iliyo rahisi kuongezwa, kwa kuwa aongezaye haoni anachoongeza.

Hapa msomaji wetu wa Kinyala atatukatiza, naye ana haki. Atasema: "Mimi mkulima sina saa 45 wala likizo ya siku 28. Ng'ombe hajui Jumapili. Kwa nini nimlilie mtu mwenye mshahara na kiti?" Twamjibu kwa heshima: ndugu, hatukuombi umlilie. Twakuomba utazame kinachompata mtu wako anapochoka. Dereva wa lori aliyeendesha siku mbili bila kulala twamwogopa barabarani, si kwa huruma juu yake, bali kwa kuogopa maisha yetu. Mwamuzi aliyechoka naye anaendesha kitu kizito, na wewe umo ndani.

Tena si maneno matupu. Upo ushahidi katika mkoa wetu wa Mbeya. Kanuni za mabaraza hayo za mwaka 2003 zinaagiza kwamba, kabla mwenyekiti hajatoa hukumu, kila mjumbe aliyekuwapo atoe maoni yake kwa maandishi. Jambo hilo huonekana dogo. Mtu mwenye mashauri mengi mezani aweza kuliruka, akaandika tu ndani ya hukumu kwamba wajumbe walikubaliana naye. Lakini Mahakama ya Rufani, katika rufani za Mbeya za mwaka 2017 zilizo na Na. 286 na Na. 287, ilishikilia kwamba maoni hayo sharti yawekwe mbele ya wadaawa nao wayajue kabla ya hukumu. Yasipofanywa hivyo, kazi yote ya baraza ni batili. Tazameni maana yake. Mashahidi wamekuja na kurudi, miaka imepita, rufani imekwenda Mahakama Kuu na kutoka huko mpaka Mahakama ya Rufani, na mwishoni mwake hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Shauri hurudi mwanzo. Mzee aliyejua mpaka pengine amekwisha kufa.

Kasoro nyingine hutokana na mwamuzi kubadilishwa. Mwamuzi akihamishwa, au akiugua, au akienda likizo ya uzazi ambayo ni siku 84, hakuna wa kushika meza yake. Mashauri yake yote hulala. Na akija mwingine akaliendeleza shauri lililosikilizwa nusu, bila sababu za kupokezana kuandikwa katika mwenendo wa shauri, hiyo pia imekuwa sababu ya kuvunjwa hukumu. Hivyo haki ya mama kupumzika baada ya kujifungua, ambayo hakuna mtu mwenye busara atakayeipinga, yagombanishwa na haki ya mkulima kusikilizwa. Hazikupasa kugombana. Zinagombana kwa sababu kiti kimewekewa mtu mmoja tu, kana kwamba mtu huyo ni wa chuma.

Tusidhani ugonjwa huu ni wa Rungwe peke yake. Nchini Marekani wako waamuzi wa Serikali wanaosikiliza madai ya watu walemavu wanaoomba mafao. Mwaka 2007 wakubwa wao waliwataka kila mmoja atoe maamuzi kati ya 500 na 700 kwa mwaka, yaani mawili au karibu matatu kila siku ya kazi. Chama cha waamuzi hao kilikwenda mahakamani Chicago mwaka 2013. Hoja yao ilikuwa hii: kumkubalia mwombaji ni kazi fupi, na kumkataa ni kazi ndefu yenye sababu nyingi za kuandika, basi anayelazimishwa kufikisha idadi husukumwa kukubali, na hapo uhuru wake wa kuamua umekwisha guswa. Mwaka 2015 mahakama ya rufani iliwajibu kwamba malalamiko yao ni juu ya wingi wa kazi, na kwamba mambo ya namna hiyo yana njia zake katika sheria za utumishi wa Serikali. Wakashindwa.

Hatukusudii kuwahukumu Wamarekani. Lakini somo lao latufaa. Palipo na mlundikano, mwamuzi huelekea upande ulio mfupi. Huko upande mfupi ni kukubali. Kwetu upande mfupi uko kwingine: ni kuahirisha, au kuliondosha shauri kwa kasoro ya karatasi. Shauri lililoondoshwa kwa kasoro huandikwa katika taarifa ya mwezi kwamba limekwisha, na idadi hupendeza machoni pa wakubwa. Lakini shambani halijaisha hata kidogo. Wale ndugu wawili bado hawasalimiani, na mmoja wao aweza kuchukua panga. Katiba yetu, katika ibara ya 107A, yaagiza vyombo vya kutoa haki visicheleweshe haki pasipo sababu ya msingi, na visifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka. Sharti hilo halitimizwi kwa kuhesabu majalada yaliyofungwa tu. Hutimizwa kwa kuhesabu migogoro iliyokwisha.

Tena kuna jambo linalotuuma zaidi. Ucheleweshaji haumgusi kila mtu sawasawa. Mwenye nacho ana gari, ana wakili, na shamba analodaiwa yumo ndani yake akivuna. Kwake kila tarehe mpya ni faida. Maskini hulipa nauli, huacha kibarua, huuza kuku, mwisho huuza ndama, na siku moja huamua kutokwenda tena. Siku hiyo mwenzake hushinda. Hakushinda kwa hoja. Ameshinda kwa kungoja. Yeyote asemaye kwamba ratiba ya mwamuzi ni jambo la starehe za wakubwa hajayaona haya.

Nanyi wafanyakazi wa viwanda na mashamba ya chai, msidhani habari hii ni ya wenye mashamba tu. Anayeachishwa kazi hupeleka lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye amewekewa siku 30 za kufanya hivyo. Tume nayo imewekewa siku 30 za kusuluhisha, na mwamuzi akimaliza kusikiliza ana siku 30 za kutoa tuzo yenye sababu. Siku hizo ziliwekwa fupi kwa makusudi, kwa kuwa tumbo la asiye na kazi halingoji. Lakini sheria yaweza kuandika siku 30 na isiweze kuandika mtu wa pili katika ofisi yenye mtu mmoja. Mfanyakazi anayedai saa zake mwenyewe na asijali saa za yule atakayeamua dai lake ameushika ukuni upande mmoja tu.

Basi tufanye nini? Hatuna mazoea ya kulalamika pasipo kutoa shauri, nasi twatoa haya, ambayo mengine hayahitaji fedha bali nia.

Kwanza, watu wasiitwe wote saa moja. Mashauri ya kutajwa yawekewe saa yake, ya ushahidi yawekewe saa yake, na mtu wa Kinyala aliyepangiwa saa 6:00 aandikiwe saa 6:00 katika hati yake ya wito. Ataweza kukamua, kuchuma chai ya asubuhi, na kufika bila kupoteza siku nzima. Jambo hili gharama yake ni wino wa karani.

Pili, siku ya kuandika hukumu ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Itengwe katika wiki, itangazwe ubaoni, na siku hiyo asiitwe mtu. Wananchi wataona mlango umefungwa, wengine watanung'unika. Lakini mlango uliofungwa siku moja ili hukumu itoke ni bora kuliko mlango ulio wazi siku tano ambamo hakitoki kitu.

Tatu, wazee wa kata wapewe nguvu katika kazi waliyoachiwa. Upatanishi wa kweli hupunguza mzigo wa Tukuyu kuliko amri yoyote. Sheria ya 2002 ilitaka baraza la kata liwe na wajumbe wasiopungua wanne wala kuzidi wanane, watatu kati yao wawe wanawake. Watu hawa hawana mshahara, nao pia wana mashamba na wajukuu. Halmashauri iwalipe posho yao kwa wakati, iwape mahali pa kukaa pasipovuja, na iwapangie siku inayojulikana. Mzee asiyelipwa hata nauli hataketi mchana kutwa kupatanisha watu. Atatia sahihi kwamba imeshindikana, aende zake, na mgogoro upande mlima kwenda wilayani.

Nne, baraza lishuke kwa wananchi katika miezi ya ukavu. Mwaka 2019 Mahakama ilianzisha mahakama zinazotembea kwa magari katika Dar es Salaam na Mwanza, mfano uko. Kati ya Juni na Oktoba mwenyekiti na wajumbe waweza kuketi wiki moja katika kata, wakasikiliza mashahidi wa hapo, na penye ulazima wakatazama mpaka mbele ya pande zote mbili na kuandika walichokiona, kama Mahakama ya Rufani ilivyoelekeza tangu mwaka 1980. Badala ya watu hamsini kupanda gari kwenda kwa mtu mmoja, mtu mmoja na wenzake wapande gari kwenda kwa watu hamsini.

Tano, kila eneo liwe na mwenyekiti wa akiba, awezaye kushika meza ya mwenziwe aliye likizoni, aliyejifungua au anayeuguza. Mtu asiyeweza kwenda likizo bila watu mia kuumia hatakwenda, au atakwenda akiwa na majalada katika sanduku. Hali zote mbili ni mbaya.

Sita, wakubwa wabadili wanachokihesabu. Pamoja na kuuliza mashauri mangapi yamefungwa, waulize mangapi yamesikilizwa mpaka mwisho, mangapi yamerudishwa na mahakama za juu, na mdaawa amekuja mara ngapi kabla ya kusikilizwa. Swali hilo la mwisho ndilo litakaloonyesha ukweli wa Kinyala katika ofisi ya Dodoma.

Sasa twarudi kwa wale tuliowaahidi. Mwamuzi afikaye saa 5:00 akakuta watu wamejaa tangu saa 2:00 asijifiche nyuma ya makala hii. Yuko anayeahirisha kwa sababu ana safari yake, na yuko anayeacha hukumu miezi kadhaa kwa sababu hakuna anayemwuliza. Huyo hana kuchoka; ana dharau. Kumpa nafasi ya kupumzika yule anayefanya kazi ndiko kutakakomfichua yule asiyefanya, maana leo wote wawili husema neno moja, "kazi ni nyingi," nasi hatuwezi kuwatenga. Ratiba ikiwa ya haki na iko ubaoni, mvivu hatakuwa na kichaka.

Wala mwananchi naye asijitoe. Asiyefika siku aliyoitwa, anayeleta mashahidi nusu, anayefungua shauri jipya juu ya shamba lile lile alilokwisha kushindwa, wote hao wanakula saa za jirani yao. Saa ya baraza ni kama maji ya mfereji: anayeyafungulia ovyo juu humkausha aliye chini.

Twajua kwamba Serikali ina madai mengi, ya barabara, ya dawa, ya madarasa. Lakini Serikali inayomtuma mtu mmoja kuamua ugomvi wa wilaya nzima, kisha isimpe siku ya kufikiri, haijaokoa fedha. Imehamisha gharama kutoka katika hazina na kuitia katika mfuko wa mkulima, aliyeilipa kwa nauli, kwa vibarua vilivyopotea, na kwa ndama aliyeuzwa. Bwana DC aliwapa babu zetu makombo ya siku, nao hawakuwa na kura ya kumkataza. Sisi tunayo. Basi na itumike kwa kudai jambo hili dogo lenye uzito: mwamuzi aliyelala usiku, meza yenye mashauri yanayoenea katika saa zake, na hati ya wito iliyoandikwa saa ya kweli. Siku mtu wa Kinyala atakapoitwa saa 6:00, akasikilizwa saa 6:00, akarudi nyumbani kabla ya kukamua kwa jioni, ndipo tutakaposema kwamba baraza lile ni lake.